Papa Séraphin Anapita ku Scanner

"Rudilia," Mama Athanasie alisema. "Rudilia vile ulisikia. Usiongeze chumvi."

"Mimi niongeze chumvi?" Mama Mukasine alijibu kutoka upande wake wa uzio. "Chumvi yenyewe unaazimaka kwangu kila juma. Kama ningekuwa naimwaga ku maneno ya watu, ungekuta imebakia?"

"Dada, simu ilisema nini?"

"Simu ilisema: Papa. Ikakatika. Ikasema: apite ku scanner. Ikakatika. Ikasema: leo, leo, mbele wafunge. Kisha ikasema: farde ya bleu. Kisha ikalia kama nyuki, ikanyamaza. Njo hayo. Sina ingine."

"Kama hauna ingine, mbona watu wote wanasema bwana yangu anakufa?"

"Mi sikusema anakufa. Nilisema anapita ku scanner. Hesabu walipiga wenyewe."

Hapa lazima tueleze. Kwenye mlima wetu, juu ya Kirotshe, réseau ya simu haitembelei kila mtu. Inashuka mahali pamoja tu, kwa Mama Mukasine, kati ya mti wake wa avoka na nyumba ya kuku. Ukisogea kidogo kando umeipoteza. Kwa hiyo simu ya nyumba ya Sebarenzi, kwa Mama Athanasie, hailali nyumbani kwa Sebarenzi. Inalala ndani ya kopo la margarine lililofungwa kwenye tawi la avoka, na ikilia, anayeitika ni Mama Mukasine. Anaitika akiwa na unga mikononi. Anaitika hata kama mwenye simu amesimama pembeni yake na amenyoosha mkono. Habari za watoto wa mlima wote zinapita kwanza katika sikio lile, na sikio lile halijawahi kulalamika kuwa limechoka.

Asubuhi hiyo aliyepiga alikuwa Umwali, binti ya Papa Séraphin Sebarenzi na Mama Athanasie. Umwali amesoma uuguzi. Alikuwa amefika Hombo, kule barabara ya Bukavu inapoingia Walikale, na alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi inayotafuta muuguzi wa kwenda Itebero, ndani kabisa ya msitu. Nafasi ilikuwa yake. Walishamwona, walishampenda, walibaki kuziona karatasi zake tu kabla ya kufunga jioni ile. Zisipofika, nafasi inapewa mwingine, ambaye tayari alikuwa ameketi kwenye benchi na jalada lake mapajani. Na karatasi za Umwali, kwa kuogopa mvua ya njiani, zilibaki nyumbani chini ya godoro la mama yake, ndani ya farde ya bleu, yaani jalada la buluu.

Kwa hiyo alichosema katika simu, kama alivyotueleza mwenyewe baadaye, ni hiki: "Mama Mukasine, mwambie Papa na Mama wachukue farde yangu ya bleu, diplôme na karatasi yote, wapeleke Kirotshe ipite ku scanner, waitume leo mbele wafunge. Wakichelewa, kazi imeenda."

Réseau ikachagua maneno iliyoyapenda.

Na neno scanner, kwetu, lilikuwa na maana moja. Kuna shemeji ya Théoneste, jirani yetu, aliyeanguka na moto, yaani pikipiki, akapelekwa Goma, kichwa chake kikapitishwa ku scanner. Alirudi mzima, na picha kubwa nyeusi ya ubongo wake, ambayo mpaka leo ni pazia la dirisha. Tangu hapo, ukisikia mtu anapita ku scanner, unavua kofia kwanza, halafu ndiyo unauliza ni nani.

Wakati wanawake wale wawili wanaendelea kushindana kwenye uzio, Papa Séraphin mwenyewe alitokea nyuma ya nyumba, jembe begani, shavu limejaa kiazi kitamu.

"Nani mugonjwa?" aliuliza.

"Weye," walijibu kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kupatana tangu kuku wa Mukasine walipoingia katika maharagi ya Athanasie.

Papa Séraphin alimeza kiazi. "Tangu wakati gani?"

"Tangu asubuhi," Mama Mukasine alisema. "Umwali amepiga."

Angekuwa mtoto mwingine, angecheka na kurudi shambani. Lakini Umwali ni muuguzi. Na mara ya mwisho alipokuja nyumbani, alimtazama baba yake kutoka juu mpaka chini na kusema, Papa, umepunguka.

"Nilipunguka sababu alinikuta wakati wa kupanda," Papa Séraphin alisema. "Kila muntu anapungukaka wakati wa kupanda."

"Aliona kitu," Mama Mukasine alisema. "Waganga hawakuambiake mu macho. Wanaendaka mbali, njo wanapiga simu."

Mama Athanasie alishika kidevu. "Na ile kukoroma."

"Anakoroma?"

"Kama groupe ya umeme yenye kukosa essence. Inawaka, inakohoa, inazima. Unasema imekufa. Inawaka tena."

"Dada yangu, hiyo haiko kukoroma. Hiyo ni kitu inatafuta njia."

Kuanzia hapo ugomvi ulisahauliwa. Walimtazama juu ya uzio kama watu wanaotaka kununua mbuzi. Wakamwambia atoe ulimi, akautoa. Wakamwambia apumue, akapumua. Wakamuuliza kama haumwi ubavu wa kushoto, na kweli akaanza kusikia kitu upande wa kushoto. Mama Mukasine akauliza: si kuume? Kikahamia kuume.

"Tumupigie Umwali tuulize vizuri," Papa Séraphin alisema, na hilo lilikuwa neno pekee lenye akili siku ile.

Mama Mukasine aliitoa simu kwenye kopo, akaiinua, akaizungusha, akapanda juu ya nyumba ya kuku nayo. Kuku wakatoka. Réseau haikuingia.

"Ikienda namna hii inarudiaka kesho," alisema kutoka juu.

"Na scanner inafunga leo," Mama Athanasie alisema. "Séraphin, vaa shati."

"Alisema pia farde ya bleu," Mama Mukasine alikumbusha akishuka na kumrudishia Mama Athanasie simu.

"Farde ya kufanya nini?"

"Ku hopitali hawakuangaliake bila karatasi. Beba yote."

Mama Athanasie alienda kuitoa chini ya godoro, na mumewe akaanza kutafuta shati lenye vifungo. Mbali kidogo tayari filimbi ilikuwa inalia.

Filimbi ni ya Théoneste, na Théoneste ndiye mkubwa wa ngobyi. Ngobyi yetu ni kitanda cha mianzi iliyosukwa, chenye miti mirefu miwili ya kubebea mabegani. Nyumba zote za mlima zimo, na filimbi ikilia, mwenye zamu anaacha hata sahani. Théoneste ana sheria za ngobyi kichwani na anazisema kila safari kabla ya kuinua, kama padri: kwamba mgonjwa hatembei, kwamba waliobeba hawarudi kwao kabla ya kula nyumbani kwa mgonjwa, na kwamba ngobyi haipandi mlima ikiwa tupu, kwa sababu akina mama wakiiona tupu kutoka juu wanajua mtu amebaki kule chini, na wanaanza kulia kabla ya kuuliza.

"Mi naweza tembea," Papa Séraphin alisema. "Hata jana nilishuka sokoni na gunia ya viazi ku kichwa."

"Jana haukuwa mugonjwa," Théoneste alimjibu. "Lala."

Akalala. Mama Athanasie akamwekea farde ya bleu chini ya kichwa iwe mto, akamfunika blanketi mpaka kidevuni, ingawa jua lilikuwa linawaka. Mama Mukasine hakuitwa. Alikuja tu, amevaa kitenge chake cha kanisa, kwa sababu, alisema, yeye njo shahidi wa simu.

Tulishuka. Watu walitoka nyumbani na kusimama kando ya njia, mikono mashavuni. Shida ilikuwa kwamba Papa Séraphin ni mtu wa watu. Kila aliyemwona alimwita kwa jina kutoka ndani ya blanketi. Alimuuliza mmoja kama ng'ombe wake ameshazaa. Alimpungia mwingine na kumwambia mpini wa jembe uko tayari, apite kuuchukua.

"Papa," Théoneste alisema akihema, "salimia kidogo. Watu wataona sawa tunabeba muntu muzima."

"Nisalimie namna gani?"

"Na macho tu."

Basi akasalimia kwa macho, na hapo ndipo alipojimaliza. Watu waliona yale macho yanazunguka kulia na kushoto bila neno, wakavua kofia. Mwanamke mmoja alimtilia hindi la kuchemsha ndani ya blanketi, apate nguvu. Akaanza kulitafuna humo humo kimya kimya, na blanketi likawa linacheza.

"Muone vile anatetemeka," Mama Mukasine alisema. "Tukimbie."

Tulikimbia. Tulifika Kirotshe ziwa linang'aa na mabega yanawaka moto. Tulikuwa bado hatujafika upande wa hospitali wakati Mama Mukasine aliposimama katikati ya njia na kunyoosha kidole.

"Si njo hapa?"

Ilikuwa nyumba ndogo ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe. Ukutani waliandika mambo ya kuchapa na kutoa nakala: SECRÉTARIAT PUBLIC, SAISIE, PHOTOCOPIE, na chini yake, kwa herufi nyekundu zilizozidi zote kwa ukubwa: SCANNER.

"Hii haifanane hopitali," Théoneste alisema.

"Siku hizi wanagawanya kazi. Damu wanapima nyumba moja, dawa unauziwa nyumba ingine. Scanner iko hapa. Unajua kusoma ao haujui?"

Théoneste anajua kusoma. Alipuliza filimbi, tukageuka, tukaingiza ngobyi mlangoni, kichwa mbele.

Ndani hapakuwa na mtu. Mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba, anahangaika na groupe yake, maana tuliisikia inanguruma na yeye anaitukana. Katikati ya chumba palikuwa na mashini kubwa, pana kama kabati, yenye taa ndogo iliyokuwa inapepesa kama jicho. Pembeni yake ordinateur, yaani kompyuta, juu ya meza. Mama Mukasine aliinua kifuniko cha mashini. Chini yake kioo.

"Papa, lala hapo."

"Nilale wapi? Mi ni murefu kuliko hii kitu."

"Weka tu ile pahali inauma."

Papa Séraphin alifikiri kwa uaminifu. "Asubuhi haikuuma pahali. Sasa inauma mugongo, juu ya ngobyi yenu."

"Shemeji ya Théoneste walimupitisha kichwa," Mama Athanasie alisema. "Weka kichwa."

Akainama, akalaza shavu kwenye kioo, akafumba macho. Mama Athanasie alishusha kifuniko juu yake polepole, kama mtu anayefunika sufuria ya mboga ya wageni, akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Vifungo vilikuwa vingi. Mama Mukasine alivipitia vyote kwa kidole na kuchagua cha kijani, akieleza kwamba nyekundu haijawahi kumsaidia mtu.

Mashini ikalia. Mwanga mweupe ukatoka upande wa sikio, ukaelekea puani.

"Naiona," Papa Séraphin alisema chini ya kifuniko. "Mwangaza inapita."

"Usiifuate," Mama Athanasie alisema haraka.

Kwenye ordinateur ikatokea picha. Tulisongamana wote. Ilikuwa shavu, limebandikwa kama chapati, na sikio, na nusu ya sharubu iliyolala kama fagio lililokanyagwa.

"Ubongo hauonekane," mbebaji mmoja alisema.

"Labda yake iko pahali ingine," Mama Mukasine alisema.

Hapo ndipo mwenye nyumba alipoingia, mikono inanuka essence, petroli ya groupe. Jina lake Faustin, kijana wa kuchana nywele vizuri, na kalamu mfukoni hata akiwa anatengeneza groupe. Aliona chumba kimejaa wanaume wenye jasho, kitanda cha mianzi, mwanamke anayeomba, na mtu ambaye kichwa chake kimo katika mashini.

"Nani anafanya nini ku mashini yangu?"

"Docteur," Mama Athanasie alimwambia, "usitufiche. Iko vipi?"

Faustin alitazama picha. Kazi ni kazi. "Iko clair," alisema. "Ila imelala upande."

"Yesu wangu."

"Si kitu, Mama. Naigeuza."

"Itamuuma?"

"Nani?"

Théoneste alisogea na kugusa kioo cha ordinateur karibu na sikio. "Na hii doa?"

"Hiyo iko ku vitre, ku kioo ya mashini. Kila muntu anatokaka nayo. Nikipangusa, inaisha." Tuliguna wote kwa pamoja, maana hatukujua kama ugonjwa unaweza kupanguswa. Faustin akachukua kalamu. "Couleur ao noir et blanc? Ya rangi ao nyeusi na nyeupe?"

"Ile yenye kuponyesha mbio," Mama Athanasie alisema.

"Na muko na pages ngapi?"

"Ni huyu mumoja tu, baba."

Faustin akakaa. Alikuwa bado anahesabu watu kwa kalamu wakati simu ilipolia katika kitenge cha Mama Athanasie, kwa sababu kule chini ziwani réseau iko tele, haina mwenyewe. Mama Mukasine alinyoosha mkono kwa mazoea. Mama Athanasie aliupiga kofi dogo, akaitika mwenyewe, sauti juu ili wote tusikie.

"Mama?" Umwali alisema. "Mulikwisha pitisha?"

"Papa yako alishapita, mwanangu. Aliweka kichwa."

"Kichwa ya nini?"

"Yake."

Umwali alipaza sauti. "Mama, Papa anagonjwa nini?"

"Si weye njo unajua."

"Mi najua nini? Mi nilisema farde. Farde ya bleu. Diplôme yangu njo ipite ku scanner. Papa abakie inje."

Papa Séraphin alitoa kichwa chake kwenye mashini. Upande mmoja wa sharubu ulikuwa bado umelala.

"Na huyu bwana wa ofisi amekwisha vaa koti," Umwali aliendelea. "Yule wa benchi amesogea mpaka ku mulango. Mama, nimefika mpaka huku. Nitarudia na mikono mitupu? Tafazali."

Wabebaji walitazamana, kisha wakaitazama ngobyi.

"Nielewe vizuri," Théoneste alisema. "Mugonjwa haiko."

"Haiko," Papa Séraphin alisema. Alionekana kama mtu anayeomba samahani kwa kuwa mzima.

"Na mabega yangu?"

Tuligeuka wote kumtazama Mama Mukasine. Yeye akajishika kiuno. "Mi nilisema farde. Hata rangi yake nilisema."

Na ilikuwa kweli, ndiyo ubaya wake.

Farde ilikuwa bado kwenye ngobyi. Mama Athanasie aliirukia na kuifungua. Karatasi za mtoto wake, zilizolaliwa njia nzima na shingo ya baba yake, zilikuwa zimejikunja kama mgongo wa paka. Faustin alichukua ya juu, diplôme yenyewe, akaiingiza kwenye mdomo wa mashini unaomeza karatasi peke yake. Mashini ilimeza kona moja, ikalia kama mbuzi, ikakataa. Faustin aliivuta nje pole pole, na Mama Athanasie alivuta pumzi naye.

"Karatasi hii ililala na nani?"

"Na mugonjwa," Théoneste alisema kwa uchungu.

"Tutaweka ku vitre, moja moja. Lakini zinainuka, kifuniko haitashika. Natafuta muntu muzito."

Hakuna aliyemtazama Mama Mukasine. Tulikosa kumtazama sote kwa wakati mmoja, na jambo hilo lilisikika.

"Semeni tu," alisema. Alikaza kitenge cha kanisa, akasogea, akalaza kifua chake chote juu ya kifuniko. Diplôme ikanyooka kama imepigwa pasi.

Mwanga ukapita.

"Inuka, Mama," Faustin alisema, akageuza karatasi. "Egemea."

Akaegemea. Karatasi ya kuzaliwa ikapita. Akainuka, akaegemea, kadi ya kupiga kura ikapita mbele na nyuma. Karibu ilikuwa ngoma, na sisi tulikuwa tumeanza kupiga makofi kidogo kidogo ili asikose mwendo. Mama Athanasie alikuwa pembeni na simu, anamtajia Faustin adresi ya ofisi, kisha anamwambia Umwali amshike bwana yule kwa maneno. "Muulize habari ya watoto wake," alimwambia. "Muulize tena majina yao."

Nyuma ya nyumba groupe ilikohoa. Ikazima. Ikawaka tena.

"Hiyo sauti naijua," Mama Mukasine alisema, kifua bado kwenye kifuniko.

"Essence imeisha," Faustin alisema, na kwa mara ya kwanza nywele zake zilikuwa zimevurugika. "Imebakia ile ya chini."

Théoneste alituonyesha mlango kwa kidole. Alipuliza filimbi. Tulitoka mbio, tukaizunguka groupe, na wale waliobeba mtu asiyekuwa na ugonjwa wakainua groupe, wakaiinamisha upande, ili lile tone la mwisho liione njia. Ilinguruma mikononi mwetu, ikatutikisa meno. Hatukuona kilichotokea ndani. Tulisikia tu "egemea, inuka," kisha Faustin anasema "natuma," kisha Papa Séraphin anaimba kitu cha kanisa, haraka haraka, kama mtu anayesukuma gari. Halafu groupe ikafa, na safari hii ilikuwa kweli.

Tuliporudi ndani palikuwa giza kidogo. Ordinateur ilikuwa nyeusi.

"Ilienda?" Théoneste aliuliza.

"Ilikuwa inaenda," Faustin alisema.

Simu iliwekwa katikati ya meza. Umwali alikuwa bado upande wa pili, tunamsikia anapumua. Hata Mama Mukasine alinyamaza, na mtu yeyote wa mlima wetu atakuambia hilo si jambo dogo.

"Imefika," Umwali alisema.

Mama Athanasie alikalia ngobyi.

"Bwana amevua koti. Anafungua. Anaangalia." Kisha sauti yake ikapungua. "Mama, anauliza kitu."

Tukasikia sauti ya mwanaume, nzito, ya mtu wa karatasi. "Mademoiselle, dossier iko kamili. Lakini photo passeport yako iko na musharubu."

Faustin alijipiga paji la uso. Ile picha ya kwanza ilikuwa bado imo katika mashini, na mashini, bila kuambiwa vingine, ilizifunga zote pamoja, Papa Séraphin mbele kama kiongozi wa msafara.

"Ni Papa yangu," Umwali alisema.

"Papa yako analala ku dossier?"

"Alikuwa anagonjwa kidogo."

"Na sasa?"

Papa Séraphin aliinamia simu. "Nimepona, bwana. Aksanti kuuliza."

Kule Hombo mtu akacheka, kicheko cha kutoka tumboni kilichotuma kelele mpaka kwenye ukuta wa mbao wa Faustin. "Basi," sauti ile ilisema ilipopata pumzi. "Mademoiselle, Itebero wanakungojea. Photo utaleta ingine, yenye sura yako."

Hatuwezi kueleza vizuri kelele iliyofuata. Mama Athanasie alimkumbatia Faustin, akamkumbatia Théoneste, na kwa kuwa alikuwa amefumba macho, akamkumbatia pia Mama Mukasine, akagundua katikati, akamaliza tu kwa sababu alikwisha anza.

Ilibaki kurudi. Mama wetu wawili walinunua sambaza za jioni, dagaa wa ziwani, zikafungwa katika jani la ndizi. Papa Séraphin aliokota fimbo na kusema atatembea, na safari hii hakuna wa kumlaza.

"Na ngobyi?" Théoneste aliuliza. "Haipande tupu. Wakituona kutoka juu, wataanza kulia, watachinja kuku, na muntu mwenyewe anatembea nyuma na fimbo."

"Muweke sambaza," Papa Séraphin alisema.

"Sambaza haiko muntu."

Tukakosa kumtazama Mama Mukasine kwa mara ya pili.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana. Mi siko mugonjwa."

"Hata mimi sikukuwa," Papa Séraphin alimwambia. "Lala."

Alipanda akilalamika. Tuliinua, na hapo tukajua kwamba asubuhi tulikuwa tumebeba unyoya. Lakini kabla hata ya kona ya kwanza alikwisha kuzoea. Aliketi wima, kitenge cha kanisa kimetandazwa vizuri, anawasalimu watu kulia na kushoto kama mke wa chef wa kijiji, na hakuna aliyemwambia asalimie kwa macho.

"Anagonjwa nini?" watu waliuliza kando ya njia.

Mama Athanasie alikuwa anatembea mbele, na alikuwa amengojea swali hilo tangu asubuhi. "Alipita ku scanner."

"Pole. Wakakuta nini?"

"Maneno. Imejaa mpaka hapa," na alijionyesha shingoni. "Wanasema hawawezi kuitoa yote, atakufa."

"Nasikia," Mama Mukasine alisema kutoka juu.

"Njo nasema ili usikie."

Tulifika mlimani moshi wa jioni unatoka majikoni. Tulimshusha mbele ya mlango wa Sebarenzi, maana ngobyi inatua mzigo pale ilipoanzia safari. Ndani majirani walikuwa wameshageuza bugali, sombe, kisamvu chetu, inanukia, na Théoneste alikuwa wa kwanza kunawa mikono, akitaja sheria yake ya waliobeba kwa sauti kubwa ili isisahaulike. Wabebaji wakaingia mmoja mmoja, wakishika mabega.

Mama Mukasine alijikung'uta kitenge. Aliirudisha simu kwenye kopo lake, katika tawi la avoka, akaifunika vizuri mvua isiinyeshee. Kisha akatazama kuku wake, akasema kitu juu ya kwenda kuwafungia, na akaanza kuelekea kwake polepole, polepole sana, kama mtu anayesahau njia.

Mama Athanasie alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Alimwangalia mpaka alipofika kwenye uzio.

"Mukasine."

"Ee."

"Unaenda wapi? Ingia, tukule. Bugali inapoa."

Mama Mukasine aligeuka, uso hauoneshi kitu.

"Lakini pita kwako kwanza," Mama Athanasie alisema, "ulete chumvi. Sombe haina."